Mashine Ikomee Wapi Kwenye Nakshi ya Mbao?

Lawama dhidi ya nakshi zinazochongwa na mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, zimezoeleka: hazina uhai, zote zina sura moja, na aliyekuwa mchongaji sasa ni mbonyeza vitufe. Kuna ukweli humo. Ila kazi zinazotolewa kama ushahidi, nyingi ni mbao zilizotoka mashineni, zikapitiwa msasa haraka, kisha zikapigwa vanishi. Hizo ni kazi zilizoachwa njiani, na si haki kumpima nazo fundi anayeitumia mashine kuanza na patasi kumaliza.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo penye jibu ambalo wabishi wa pande zote mbili hawalifikii. Chukua ubao wa milimita 600 kwa 400 na biti (kisu kinachozunguka) ya ncha ya duara yenye kipenyo cha milimita 3. Biti hiyo hupita mstari kwa mstari, na kati ya mistari huacha kituta. Mistari ikiachana kwa milimita 1, biti itasafiri mita 240. Kwa mwendo wa mita 2 kwa dakika hizo ni saa 2, na kituta kitakuwa na kimo cha takriban milimita 0.09. Mistari ikiachana kwa nusu milimita, ni saa 4 na kituta cha 0.02. Robo milimita, saa 8. Nusu ya robo, saa 16! Na hapo hatujahesabu kazi ya kukwangua mwanzo kwa biti nene.

Tena hiyo ni hesabu ya mahali tambarare. Nafasi kati ya mistari hupimwa kutoka juu, kwa hiyo kwenye mteremko, tuseme ubavu wa jani au shavu la sura ya mtu, mistari huachana zaidi juu ya uso wenyewe na vituta hukua. Yaani mashine hudhoofika palepale jicho linapotua kwanza. Na pembe ya ndani iliyo kali kuliko nusu kipenyo cha biti haitaifikia kamwe, hata uipe wiki nzima.

Mwenye kuelewa hivyo haishindanishi mashine na ulaini. Huisimamisha mapema, akaacha unene wa mbao wa nusu milimita au zaidi kwa makusudi, halafu hushika patasi. Kila mkato wa patasi kali huacha uso mdogo uliokatwa safi, unaorudisha mwanga kwa namna yake. Kingo hubaki kali, mshipa wa jani husomeka ukiwa mbali. Msasa hauna uwezo huo. Msasa hulainisha kilele na bonde kwa pamoja, na chembe zake zikijificha ndani ya mbao hula makali ya patasi itakayofuata. Anayeanza na msasa amejifungia mlango.

Wala mgawanyo huu wa kazi haukuletwa na kompyuta. Mwaka 1845 Thomas Jordan alipata hataza ya mashine ya kuchonga huko Uingereza, na ilitumika kwenye nakshi za mbao za jengo la Bunge la Westminster, lililokuwa likijengwa upya baada ya moto wa 1834. Mashine ilitoa umbo, mafundi wakamalizia kwa mkono. Leo watu huzisifia nakshi za jengo lile bila kuuliza nani alikwangua kwanza.

Upande wa pili nao una yake. Mashine ya kawaida ya mihimili mitatu hukata kutoka juu tu, haiwezi kuingia chini ya ukingo wa jani, na ndiyo maana maua yake huonekana kama yamelala ubaoni. Haijui nyuzi za mbao zinaelekea wapi: mkono ungegeuza patasi, yenyewe hupita na kunyofoa. Sura kufanana nako ni kweli, ingawa hapo wa kulaumiwa ni anayenunua faili lilelile wanalonunua wengine elfu. Na anayeuza kazi ya namna hii kwa jina la “imechongwa kwa mkono” anamdanganya mnunuzi, sina la kumtetea.

Hoja inayonipa shida ni ya mwanagenzi. Kukwangua, ile kazi ya jasho ambayo mashine imeichukua, ndiko alikojifunzia kuzisoma nyuzi, kupanga kina, kujua jani lipi litangulie mbele ya lipi, tena makosa yake yalikuwa na unene wa kuyafichia. Leo anaikuta mbao ikiwa imebakiwa na nusu milimita, na kosa la kwanza linaharibu kazi ya saa nyingi. Kumpa vipande chakavu vya mazoezi husaidia mkono uzoee mkato, lakini hakumfundishi kupanga kina, kwa kuwa kina kilishaamuliwa na mchoro wa kompyuta. Karakana inayotaka wamaliziaji wazuri italazimika kuizima mashine mara kwa mara na kumpa ubao mtupu auanze mwenyewe, hata kama mteja anasubiri. Ni gharama, na katika bei ninazoona zikipangwa kwa kazi hizi haimo.