Kunakili bila faida: Marekani na China zinavyotofautiana kuhusu programu zisizolipiwa

Tarehe 20 Oktoba 2008, watu wengi nchini China waliokuwa wakitumia nakala za Windows XP zisizo na leseni walianza kuona jambo geni kwenye kompyuta zao. Picha waliyoiweka kuipamba skrini ilitoweka, pakabaki weusi mtupu. Mtumiaji aliweza kuirudisha picha yake, lakini kila baada ya dakika 60 weusi ulirejea. Hakuna faili lililofutika wala kazi iliyozuiwa. Microsoft ilikuwa ikimkumbusha tu mtumiaji kwamba alichonacho hakukilipia. Hata hivyo hasira iliyozuka haikuwa ndogo, na mwanasheria mmoja wa Beijing alifika hadi kuwasilisha malalamiko katika Wizara ya Usalama wa Umma, akidai kwamba mdukuzi katika mkasa huu ni Microsoft yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyoingia katika kompyuta za watu bila idhini.

Ni rahisi kuicheka hoja hiyo, kana kwamba mwizi anamshitaki mwenye mali kwa kumgongea mlango usiku. Lakini wengi waliokasirika hawakudai kwamba wana haki ya kuiba. Walichodai ni kwamba kampuni iliyajua mambo haya kwa miaka mingi, ikanyamaza mpaka ofisi, shule na nyumba zikashindwa kuishi bila bidhaa yake, ndipo ikaja kudai. Dai hilo lina ushahidi. Mwaka 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, Bill Gates alisema wazi kwamba ikiwa Wachina wataiba programu, basi afadhali waibe za Microsoft, kwa sababu watazizoea, na baadaye kampuni itatafuta namna ya kukusanya fedha zake. Tena mwaka 2007 kampuni hiyo ilishusha bei ya toleo la chini la Windows Vista nchini China kutoka yuan 1,521 hadi yuan 499, hatua ambayo ni vigumu kuielewa vinginevyo isipokuwa kama kukiri kwamba bei ya awali haikuwa ya soko hilo.

Tusidhani kwamba Mmarekani amezaliwa na dhamiri nyingine. Gates huyohuyo, akiwa kijana, aliandika barua ya wazi Februari 1976 kwa wapenzi wa kompyuta nchini kwake, akilalamika kwamba wengi wao wanaiba programu, kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye kompyuta za Altair walikuwa wameinunua BASIC yake, lugha ya kuandikia programu, na kwamba mapato yaliyopatikana yaliufanya muda wa waandishi wake uwe na thamani ya chini ya dola 2 kwa saa. Miaka 16 baadaye, mwaka 1992, chama cha wachapishaji wa programu kilikuwa kikisambaza mashuleni video ya muziki wa rap ya kuwasihi watoto wasinakili diski. Hakuna anayetunga wimbo wa kukataza jambo lisilofanywa na mtu.

Kwa hiyo tofauti ya nchi hizi mbili siioni sana katika maadili ya watu wake. Naiona katika swali moja ambalo sheria zao zinalijibu kinyume: je, mtu aliyenakili na kugawa bila kupata hata senti ni mhalifu?

Marekani ililazimika kulijibu swali hilo kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts. Mwaka 1994 alishitakiwa kwa kuendesha mtandaoni ubao wa matangazo ulioitwa Cynosure, ambako watu walipakia programu kama Excel 5.0, WordPerfect 6.0 na mchezo wa SimCity 2000, na wengine wakazichukua bure. Waendesha mashitaka walikadiria hasara kuwa zaidi ya dola milioni 1. Lakini mwanafunzi huyo hakuuza kitu, na sheria ya hakimiliki ya wakati huo ilihesabu kosa la jinai pale tu palipokuwa na lengo la kujinufaisha kifedha. Ndiyo maana alishitakiwa kwa kula njama za ulaghai kwa njia ya mawasiliano. Desemba mwaka huohuo Jaji Richard Stearns alifuta shitaka. Hakumsifu kijana, alimwona mtu asiyejali madhara ya anachokifanya. Alichokataa ni kuinyoosha sheria ya ulaghai mpaka ifunike jambo ambalo Bunge lenyewe halikulitaja, na akasema kwamba kama kuna pengo, kazi ya kuliziba ni ya Bunge.

Bunge likaliziba mwaka 1997. Sheria mpya ilitamka kwamba faida ni pamoja na kupokea kitu chochote chenye thamani, hata nakala ya programu nyingine kwa kubadilishana. Kisha ikaenda mbali zaidi: anayenakili au kusambaza kwa makusudi, ndani ya siku 180, nakala moja au zaidi zenye thamani ya jumla inayozidi dola 1,000, ametenda jinai hata kama hakupata chochote. Nakala zikifika 10 na thamani ikizidi dola 2,500, kifungo kinaweza kufika miaka 3 kwa asiyetafuta faida na miaka 5 kwa anayeitafuta. Isomwe vizuri hesabu hiyo. Programu moja ya uhandisi inaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, kwa hiyo anayemnakilia rafiki yake nakala moja huku akijua anachofanya anaweza, kwa maandishi ya sheria, kuwa mtuhumiwa wa jinai. Katika utekelezaji mambo yalikuwa mapole zaidi: mtu wa kwanza kupatikana na hatia chini ya sheria hiyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon aliyekiri kosa mwaka 1999, hakupelekwa gerezani bali aliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili.

China ilishika njia nyingine. Sheria yake ya hakimiliki ilianza kutumika Juni 1991, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikajiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, yote hayo yakiambatana na shinikizo kubwa la kibiashara kutoka Washington. Kifungu cha 217 cha Sheria ya Jinai kinamwadhibu anayenakili na kusambaza programu bila idhini, lakini kwa sharti kwamba awe na lengo la kujipatia faida na kiwango cha kosa kiwe kikubwa. Kwa kigezo cha idadi, Mahakama Kuu ya Watu na waendesha mashitaka waliweka mpaka wa nakala 1,000 mwaka 2004, kisha wakaushusha hadi 500 mwaka 2007. Marekani ililalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba mipaka hiyo ni mlango wa kuwapitishia wahalifu, lakini jopo lililotoa uamuzi Januari 2009 liliona kwamba Marekani haikuthibitisha hoja hiyo. Aliye chini ya mpaka si kwamba yuko huru, kwa kuwa ofisi za serikali za hakimiliki zinaweza kutaifisha mali yake na kumtoza faini bila kesi ya jinai. Aidha kanuni za programu za China, katika Kifungu cha 17, zinaruhusu mtu kusakinisha programu bila idhini ili ajifunze mawazo na misingi iliyomo ndani yake, ruhusa ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuielewa kwa upana anaoupenda.

Lakini neno "faida" si jepesi kama linavyosikika, na kesi ya Fanqie Huayuan, yaani Bustani ya Nyanya, ililionyesha hilo. Hilo lilikuwa toleo la Windows XP lililoondolewa ukaguzi wa leseni, likapambwa upya, likagawiwa bure mtandaoni, na likapendwa na umati wa watu. Mtumiaji hakulipa kitu. Waliolipa ni wafanyabiashara waliotaka programu zao zipachikwe ndani ya toleo hilo. Agosti 2009 mahakama ya Suzhou ilimhukumu mtayarishaji wake kifungo cha miaka mitatu na nusu na faini ya yuan milioni 1, na wengi mtandaoni wakamwonea huruma, kwa sababu machoni pao alikuwa amewapa kitu, hakuwauzia. Mwaka 2011 mamlaka za sheria zikaweka bayana kwamba mapato ya matangazo nayo yanahesabiwa kuwa faida.

Hoja ya Marekani ina uzito wake. Mwenye programu hapungukiwi na hasara eti kwa sababu aliyemwibia ni mkarimu, na kwenye intaneti mtu mmoja asiyetaka malipo anaweza kufanya madhara kuliko muuza diski wa Zhongguancun, mtaa wa maduka ya kompyuta mjini Beijing, mwenye kaunta na mkoba. Sheria ya China kwa upande wake inakubaliana na hisia ambayo, kwa kadiri ninavyoona, watu wa nchi zote mbili wanayo: kwamba anayechuma kwa jasho la mwingine si sawa na anayegawa. Sheria iliyozidi mno hisia za watu hubaki kwenye karatasi, na dola 1,000 ya Marekani, ambayo haisemi chochote juu ya uovu wa aliyetenda, imekaa hapo kwa sehemu kubwa.

Kinachoshusha uharamia, yaani huku kunakili bila idhini, kinaonekana kutoka kwingine. Chama cha makampuni ya programu, BSA, kilikadiria kwamba mwaka 2017 programu zisizo na leseni zilikuwa asilimia 15 Marekani na asilimia 66 China, ambako mwaka 2003 zilikuwa asilimia 92. Chama hicho ni cha wauzaji, na takwimu zake zisomwe kwa kulikumbuka hilo. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba kwa thamani ya fedha kiliiweka Marekani juu: dola bilioni 8.6 dhidi ya bilioni 6.8 za China. Nchini Marekani chama hicho kiliwahi kutangaza zawadi ya hadi dola milioni 1 kwa mfanyakazi atakayeifichua kampuni inayotumia programu bila leseni, na silaha hiyo iliwalenga wenye fedha za kulipa. China nayo mwaka 2006 iliagiza kompyuta mpya ziuzwe zikiwa na mfumo endeshi halali ndani yake, agizo lililomgusa mtengenezaji na kumwacha mtumiaji nyumbani kwake.

Tangu hapo China imeongeza makali. Kuanzia Machi 2021 kifungo cha juu chini ya Kifungu cha 217 kilipanda kutoka miaka 7 hadi 10, na kuanzia Juni mwaka huo mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi yuan milioni 5 pale hasara isipoweza kupimika. Maneno yanayodai lengo la kujipatia faida hayakuguswa.