Sikuoga Oili ya Gia, Ilinimwagikia Tu

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia watu kwamba jana nilioga oili ya gia, naomba nijitetee mapema, kabla maneno yake hayajawa historia.

Mnaifahamu Volkswagen Beetle yangu ya 1967, ile ambayo baadhi yenu huijulia hali kama mgonjwa. Kitabu chake kinataka oili ya gia ya SAE 90, namba inayoonyesha uzito, yaani unene wa oili. Dukani nilikuta chupa mbili zenye uzito huohuo, moja ya daraja la GL-4 na nyingine la GL-5, nikaamua kwa akili yangu timamu, bila kushurutishwa na mtu, kwamba tano ni kubwa kuliko nne. Rafiki yangu alipouliza sababu, nilimpa hotuba. (Msimwombe airudie. Huirudia kwa sauti yangu.)

Kumbe namba zile si alama za mtihani. GL-5 imekusudiwa hasa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ambazo meno yake husuguana kwa shinikizo kubwa, ndiyo maana hutiwa viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Giaboksi ya zamani kama yangu ina pete za sinkronaiza za shaba ya manjano, ambazo lazima zing'ang'anie kidogo ili gia zilingane mwendo kabla ya kuingiliana. Utelezi ukizidi hazishiki, na baadhi ya viambato hivyo huweza kuila shaba yenyewe taratibu. Mimi sikungoja taratibu. Siku hiyohiyo, kila nilipoingiza gia ya pili, gari lilisaga meno kiasi cha kuwafanya wapita njia wanitazame kwa huruma.

Basi ikabidi oili imwagwe, tena ikiwa bado na joto ili itoke yote. Nilifungua kwanza tundu la kujazia, kama mafundi wanavyosisitiza, maana ukishamwaga kisha nati ya juu ikagoma, gari halina pa kwenda. Hapo nilijiona fundi. Nikalala chali, rafiki yangu akapiga magoti kunimulikia, nikaanza kuizungusha nati ya chini kwa vidole, polepole, huku nikimweleza kwamba siri ni kuisukuma kwa juu hadi uzi wa mwisho. Uzi wa mwisho ulifika kabla ya sentensi yangu. Nati ilianguka ndani ya beseni, nami, badala ya kuvuta mkono, niliinua kiganja kuziba tundu. Oili ikapita kwenye kifundo, ikaingia ndani ya shati, ikafuata mkono hadi kwapani bila haraka yoyote, ikiwa na uvuguvugu wa chai iliyosahaulika na harufu ya mayai viza. Nikageuza kichwa kuokoa macho. Sikio likapokea zamu yake. Ndipo nilipomsikia yule bwana akiniuliza kwa upole: “Kwa hiyo tano ni kubwa kuliko nne?”

Nilinunua GL-4 ya 80W-90, ambayo ikipata joto huwa na unene wa SAE 90, nikaijaza hadi ilipochungulia kwenye tundu la juu, gia zikatulia, shati likatupwa.

Kuhusu kuoga, hesabu ni hii: giaboksi ilikuwa na lita mbili na nusu, na ndani ya beseni tulikuta lita mbili. Iliyonipata ni nusu lita tu.