Shida si kasi, ni zile kona

Kuna makala imesema eti wasichana wetu wa Kenya wanapoteza mbio za ndani, zile za ukumbini, juu hawana kasi ya kumalizia, hapo mwandishi ameteleza. Mashindano ya dunia ya ndani, Istanbul 2012, nani alimshinda Meseret Defar wa Ethiopia kwa mita 3000? Si ni Hellen Obiri wetu, na mashindano hayo hayo Pamela Jelimo akabeba dhahabu ya 800. Kasi iko, shida ni uwanja wenyewe. Mzunguko wa ndani ni mita 200 tu, yaani 1500 ni raundi saba na nusu, kona zimeinuliwa na ile sehemu imenyooka ni fupi, kabla upite mtu mmoja kona ingine imefika. Mimi nilikimbia hizo mara moja Ulaya kitambo, nimetoka hapa Nakuru nimezoea murram ya Menengai, raundi ya pili nikabanwa ndani, mtu akanikanyaga kisigino spaiki ikapasua soksi, na kila nikijaribu kutokea nje kwa kona ule mwinamo unanirudisha chini. Hewa nayo kavu, nilikohoa usiku mzima. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanazikimbia kila Januari na Februari, wetu wakati huo wako kwa mbio za nyika, ndio maana ile shaba ya Beatrice Chepkoech ya 3000 Glasgow 2024 naiheshimu sana. Kuna mwenye amewahi kuona hata kona moja ya kuinuliwa Eldoret, Iten ama Kisumu, mahali hawa wasichana wanaweza kufanyia mazoezi?