Mama Mkwe Aliponisifia kwa Watu wa Kodi

Tangu nimuoe binti yake, mama mkwe hakuwahi kunisifu. Biriani yangu chumvi, pilau yangu bokoboko. Kumbe sifa zote alikuwa anaziweka akiba, akaja kuzimwaga ofisi ya kodi.

Mimi wikiendi napika pilau za harusi hapa Tanga, na hiyo ni biashara, ina kodi yake. Nikabeba daftari kwenda kukadiriwa. Mama tulipanda bajaji moja, yeye akielekea soko la Mgandini. Akaona kiyoyozi, soko likasahaulika.

Dada wa dirishani akafungua daftari. Linanuka bizari, kurasa zimegandana kwa mafuta, lakini kila shughuli imo: tarehe, kishika uchumba, deni. Jumla ya mwaka 5,200,000. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 hadaiwi. Kutoka hapo mpaka milioni 7, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya ile ziada, asiye nazo laki moja taslimu. Hesabu nilishaipiga: 36,000. Roho kwatu.

"Milioni tano?" Mama akadakia. "Mwanangu, wamjua huyu? Hana wikiendi ya kukaa! Shughuli mbili, moja Chumbageni, moja Raskazone, na hashiki mwiko bila laki tatu!"

Yule dada akabonyeza kikokotoo: 31,200,000. Ukifika milioni 11 tu unatakiwa uwe na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi; mimi hata mizani ya mchele naazima.

"Mama," nikasema kwa adabu, maana mkwe hakemewi, "na Ramadhani? Nani anaoa?"

"Ramadhani si unapika futari ya msikiti mzima!"

Sadaka ile, jamani.

Dada akaweka kalamu. "Sasa mama, pesa zote hizo anapeleka wapi?"

Mama akanitazama kuanzia kola mpaka kandambili, ya kushoto ina pini. "Hilo ndilo ninalouliza tangu amchukue mwanangu."

Dada akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akalirudia daftari ukurasa kwa ukurasa. 36,000, kwa awamu nne.

Njiani mama kanuna. Nikamuuliza kulikoni.

"Thelathini na sita elfu! Mkwe wa jirani alipa laki nzima. Makorora nitawaambia nini?"

"Mama, yule hana daftari."

"Ana hadhi!"