The La's: nani aliiua hii bendi, Lee Mavers au lebo?

Wiki hii nimerudi kuisikiliza The La's, ile albamu yao moja tu ya 1990, alafu nikaweka na ile nyingine waliyorekodi na prodyuza Mike Hedges 1989 ikafungiwa kabatini mpaka 2008 ilipotoka kama diski ya pili ya toleo jipya, na kila nikifanya hivi narudi kwenye ubishi ule ule ambao mashabiki wa hii bendi wanao kwa zaidi ya miaka 30 sasa. Nani aliiua? Kuna wanaosema ni Lee Mavers mwenyewe, mwimbaji na mtunzi, ambaye hakuna studio wala prodyuza aliyewahi kumridhisha. Na kuna wanaosema ni lebo yao, Go! Discs, waliochoka kusubiri wakatoa albamu ambayo mwenye nyimbo alishaikataa. Mi nimewahi kuwa pande zote mbili. Nilipokuwa mdogo nilikuwa wa Mavers kabisa, msanii ni msanii aachwe, siku hizi sina uhakika huo tena, na nataka nieleze kwanini.

Kwa asiyewajua, ni bendi ya Liverpool, ilianzishwa 1983 na Mike Badger, Mavers akaingia mwaka uliofuata, na kabla hata singo yao ya kwanza haijatoka 1987 Badger alishaondoka kwenye bendi aliyoianzisha yeye. Jina ni la mtaani tu, Liverpool wanaitana "la" kama sisi tunavyoitana mwana au mshkaji. Wapiga gitaa na wapiga drams waliingia na kutoka sana, ila kuanzia 1986 kulikuwa na watu wawili wa kudumu, Mavers kwenye sauti na gitaa na John Power kwenye besi. Na muziki wao ulikuwa kinyume na zama zile, maana katikati ya miaka ya 80 Uingereza imejaa kinanda cha umeme na drams za mashine, wao wanakuja na magitaa, sauti mbili zinaitikiana, nyimbo fupi zenye melodi ambayo ukiisikia unahisi imekuwepo siku zote.

Wimbo wao There She Goes ndo mfano mkubwa. Ukiusikiliza vizuri utagundua hauna beti kabisa, ni kiitikio kile kile kinarudi na kurudi, katikati kuna kipande kimoja tu cha kukuvusha, alafu kinarudi tena, dakika 2 na sekunde arobaini hivi umeisha na unataka urudie. Walipoutoa mara ya kwanza 1988 uliishia namba 59 kwenye chati ya Uingereza. 1990 ukatolewa upya ukafika namba 13, na Marekani ukagusa namba 49. Mi mwenyewe niliusikia kwanza kwa Sixpence None the Richer, wale waliourudia na kuufikisha kwenye 40 bora za Marekani 1999, na kwa miaka nilidhani ni wao walioutunga. Kumbe kuna jamaa wa Liverpool aliuandika miaka zaidi ya kumi nyuma.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Kati ya 1987 na 1990 hawa watu walijaribu kurekodi albamu ile ile, nyimbo zile zile, mara nyingi mpaka ukihesabu unachoka. Walipita kwa prodyuza John Porter, yule aliyefanya kazi na bendi ya The Smiths, wakapita kwa John Leckie, wakapita kwa Bob Andrews, wakaenda kwa Mike Hedges, na hao sio wote. Kila mara inafika pahala Mavers anasema hapana, sio hivi, sauti iliyoko kichwani sio hii inayotoka kwenye spika. Kuna hadithi maarufu kwamba aliwahi kukataa meza ya kuchanganyia sauti kwa sababu haikuwa na vumbi halisi la miaka ya 60. Inasimuliwa kila mahali kama kichekesho na hiyo inaniudhi kidogo, kwasababu hata kama kweli aliyasema ukimsikiliza unajua alichokuwa anakitafuta, alitaka ule ukwaru, ule uhai wa watu wanne chumbani wanapiga pamoja, na studio za miaka ya 80 zilikuwa zimejengwa makusudi kuuondoa huo uhai, kila chombo peke yake, kila kitu kisafi.

Na hapa ndo upande wa Mavers una nguvu kuliko watu wanavyokubali. There She Goes iliyoko kwenye albamu ya 1990, ile ambayo dunia nzima inaijua, haikurekodiwa kwenye kikao kile cha mwisho cha lebo. Ni ile ile ya Bob Andrews ya 1988, Steve Lillywhite, prodyuza wa kikao hicho cha mwisho, aliifanyia miksi upya tu. Yaani miaka miwili ya studio baada ya hapo, pesa zote zile, na wimbo uliowabeba bado ni ule wa zamani. Kwahiyo aliposema hivi vikao vipya havina kitu, kwenye wimbo wake mkubwa kuliko yote alikuwa sahihi, na lebo wenyewe walikubali bila kusema pale walipoamua kutumia wa zamani. Sikiliza na zile rekodi za mwanzo mwanzo kabla ya maprodyuza wakubwa, Mavers anaimba kama mtu anayemwita mwenzake upande wa pili wa barabara. Kwenye albamu anaimba vizuri, sikatai, ila ni kama ameambiwa asimame hapa asisogee.

Ila geuza shilingi. Go! Discs haikuwa kampuni kubwa ya kukaa na mtu miaka kumi. Ilikuwa lebo ndogo ya kujitegemea, yenye wasanii kama Billy Bragg na The Housemartins, na kulipia studio baada ya studio kwa albamu ambayo mwenyewe anaikataa kila mara ni mzigo ambao hata lebo kubwa ingeutua. Mwisho wa 1989 wakamleta Lillywhite, aliyewatengenezea U2 albamu zao 3 za kwanza, wakaingia studio London, na safari hii pia Mavers akajitoa kabla kazi haijaisha. Sasa lebo wafanye nini? Wakachukua kilichopo, Lillywhite akakiunga, sehemu zingine wakatumia sauti ambazo Mavers aliziimba kama za kuelekezea tu sio za kutoa, wakaachia albamu Oktoba 1990. Ikafika namba 30. Waandishi wakaisifia sana. Mavers akaenda kwenye mahojiano akasema anaichukia, akaifananisha na nyoka aliyevunjika mgongo.

Hebu fikiria wewe ni shabiki, umesubiri miaka 3, umenunua, umeipenda, alafu mwenye nyimbo anakwambia hii sio yangu. Na fikiria wewe ni Mavers, nyimbo umezitunga wewe, halafu watu wanauziwa sauti uliyoimba ukijua itafutwa. Zote mbili zinauma na sioni jinsi ya kusema moja ni ya uongo.

Kitu kinachonifanya nisimame zaidi upande wa lebo ni hiki. Bila ile albamu tungekuwa na nini? Singo tatu nne na stori za watu waliokuwepo Liverpool wakisema mngewaona hao, basi. Albamu ambayo Mavers anaichukia ndo ushahidi wa kwanza tuliopata kwamba alikuwa na haki ya kuchagua namna ile, kwamba kweli kulikuwa na nyimbo pale zinazostahili mtu akose usingizi. Noel Gallagher wa bendi ya Oasis hajawahi kuficha kwamba walitaka kumalizia kazi ambayo The La's waliianza. Kizazi kizima cha bendi za magitaa za Uingereza miaka ya 90 kilikaa na ile diski. Hawakukaa na sauti iliyoko kichwani kwa Mavers, hiyo hakuna aliyeisikia.

Ila lebo nao wana kosa lao na mi naliona kubwa, kosa la muda. Hii ya Hedges ya 1989 ukiisikiliza leo inasimama vizuri tu, ina joto, ina ule mtikisiko ambao kwa Lillywhite umepigwa pasi. Kama kulikuwa na siku ya kusema basi, samahani Lee, hii inatoka, ilikuwa siku ile. 1989 ndo mwaka bendi ya Stone Roses ya Manchester, maili thelathini na kitu tu kutoka Liverpool, walitoa albamu yao ya kwanza, na vijana Uingereza nzima wakawa wanataka magitaa na melodi za hivyo hivyo. Na prodyuza wa hiyo albamu ni nani? John Leckie, yule yule aliyekuwa na The La's studio wakamkataa. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi na The La's walikuwa wamebeba nyimbo mkononi wamesimama nje. Ilipofika Oktoba 1990 walikuwa wanaonekana kama watu wa kufuata mkumbo wakati wao ndo walioanza mapema, na mwaka uliofuata upepo ukahamia Marekani kwa kina Nirvana.

Lakini mtu ninayemuonea huruma kuliko wote kwenye hii stori sio Mavers wala lebo, ni John Power. Ubishi wote unazungumza kama vile bendi ni mtu mmoja na mikataba yake. Huyu kijana ameingia 1986, amepiga nyimbo zile zile, besi zile zile, kwenye studio moja baada ya nyingine, na hata baada ya albamu kutoka wakiwa ziarani ni zile zile bado, maana Mavers hataki kwenda mbele mpaka zile za kwanza zirekodiwe anavyotaka yeye. Miaka 5 yote hiyo! Na Power mwenyewe alikuwa ameanza kutunga nyimbo zake. Desemba 1991 akaondoka. Akaanzisha bendi yake, Cast, na 1995 wakatoa albamu yao ya kwanza, ikafika namba 7, na aliyeitengeneza ni huyo huyo John Leckie. Mi nikifika hapa huwa nanyamaza. Prodyuza yule yule, mpiga besi yule yule, mji ule ule, na mmoja kati yao aliweza kusema imeisha, itoke.

Watu wa upande wa Mavers watasema lakini Cast sio The La's, nyimbo za Cast hazifiki kwa There She Goes, na ni kweli hazifiki, naipenda Cast ila hazifiki. Hilo ndo linafanya ubishi huu uwe mgumu. Aliyemaliza hakuwa na kipaji cha yule asiyemaliza. Ila mi siamini kwamba kipaji cha Mavers kilitokana na kutomaliza, kama wanavyopenda kusema wanaomfanya mtakatifu. There She Goes ilitungwa, ikarekodiwa, ikaachwa ilivyo 1988, na ni bora kuliko chochote kilichokuja baadaye. Huyu jamaa alikuwa anaweza kumaliza, alishamaliza, na alipomaliza ndo akatoa kitu kikubwa hivyo.

Tangu 1990 hajatoa albamu nyingine. Kumekuwa na kurudi rudi jukwaani, 2005 hata na Power pembeni yake wakapiga kwenye tamasha la Glastonbury na wakaenda mpaka Japani, watu wakaimba kila neno, na kila neno walilijua kutoka kwenye diski ile ya Lillywhite. Natamani ningekuwepo nimwangalie uso wakati ule uwanja mzima unamrudishia sauti.