Mama yao yuko wapi?

Hivi mwanaume akionekana na watoto wawili, lazima ahojiwe? Mke wangu akitoka na hao hao, hakuna anayemuuliza baba yao yuko wapi.

Juzi nimempeleka mdogo kliniki, chanjo ya surua ya miezi 18. Mkubwa kaning'ang'ania suruali anadai ubuyu. Kadi ninayo mkononi, na ile ya miezi 9 nilimpeleka mimi pia. Nesi anachungulia nyuma yangu: "Mama yake yuko wapi?" Yuko kazini, sista. "Basi mwambie aje tumwelekeze." Amwelekeze nini ambacho mimi sitaelewa? Kwamba atapata homa kidogo? Nani unadhani huwa anakesha naye?

Kwenye daladala ndo balaa kabisa. Mtoto akiguna tu, gari zima linageuka makungwi. "Baba, huyo ana njaa." "Mvalishe sweta." Sweta, Mbagala, saa saba mchana! Mama mmoja kamnyakua mapajani mwangu bila hata kuomba, eti "lete huku, wanaume hamjui." Mtoto akaangua kilio mpaka konda akageuka. Kabla hatujafika Zakhem nikarudishiwa mwanangu, kimya kimya, na kamasi zake.