Roshani ya Mkate wa Tangawizi

Mwenye nyumba mmoja ya wageni huko Mji Mkongwe, Unguja, aliniomba nimtafsirie kipeperushi cha Kiingereza kinachoeleza majengo ya kando ya bahari. Nilikuwa nimeahidi kumaliza kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nilipolikuta neno "gingerbread" katika sentensi iliyosifu roshani za Zahanati ya Zamani, lile jengo la tajiri Tharia Topan lililokamilika mwaka 1894, sikuona haja ya kufungua kamusi. Tangawizi naijua, na mkate naujua. Nikaandika kwamba roshani hizo "zimepambwa kwa mkate wa tangawizi".

Lau ningeishia hapo, balaa lingekuwa dogo. Sentensi ile ilinitia shaka kidogo, lakini badala ya kuuliza nikajitungia sababu: nikaongeza, bila kutumwa na mtu, kwamba mafundi wa zamani walizipaka mbao unga wa tangawizi ili zisiliwe na mchwa. Nakala 200 zikachapwa.

Siku ya kwanza nilifuatana na familia ya wageni kutoka Bara. Mtoto wao mdogo, ambaye alikuwa amesomewa kipeperushi njiani, alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akailamba, kisha akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba ina chumvi. Mzee mmoja seremala aliyekuwa ameketi barazani jirani akakiomba kipeperushi, akavaa miwani, akakisoma taratibu hadi mwisho, ndipo akaniita. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwanangu, mbao hizi zina zaidi ya miaka mia, na kunguru wa Unguja unawajua. Huo mkate umesalimikaje?"

Nilimjibu kwa unyenyekevu kwamba huenda ulikauka.

Usiku ule nilifungua kamusi, nikakuta kwamba hata mkate wenyewe haumo. Neno lilitoka katika Kifaransa cha kale, "gingembrat", yaani tangawizi iliyohifadhiwa, na nyuma yake iko "zingiber" ya Kilatini, ambayo asili yake ni Bara Hindi, kama ilivyo zanjabili ya Waarabu. Waingereza waliisikia silabi ile ya mwisho wakadhani ni "bread", wakaiandika hivyo, na baadaye jina likahamia kwenye kitu kinachookwa. Kwa maneno mengine, kosa langu walilitangulia kulifanya, ila wao angalau waliwasha tanuri. Keki hizo ziliuzwa katika magulio zikiwa zimenakshiwa na kupakwa dhahabu, na ndiyo maana mabaharia wakayaita kwa jina hilo mapambo ya kuchongwa, yenye kung'aa kwa dhahabu, yaliyokuwa kwenye merikebu zao. Katika karne ya 19, misumeno ya mashine ilipowawezesha maseremala wa Marekani kukata nakshi za mbao kwa wingi na kwa bei nafuu, jina likapanda hadi kwenye mapaa na roshani za nyumba.

Gharama ya kuchapa upya ilikatwa katika ujira wangu, na safari hii niliandika "nakshi za mbao". Mzee alikataa kurudisha nakala yake, akisema anataka mkewe aisome.

Juzi nimeletewa matini nyingine, ambayo ndani yake kuna jengo linaloitwa keki ya harusi. Kabla ya kugusa kalamu nimekwenda barazani kwa Mzee, naye, kabla sijamaliza kumwamkia, akaniuliza kama safari hii nimeleta sahani.